Pole ya Grupu

Mama Atu ni rafiki yangu tangu 2019 na sijawahi kuiona miguu yake. Picha zake zote ni kuanzia kiunoni kwenda juu, amesimama nyuma ya keki. Kama ni mrefu au mfupi, sijui. Wiki tatu zilizopita alininunia, na ndiyo maana saa hizi za usiku naandika badala ya kulala.

(Mama Atu si jina lake. Mwenyewe atajijua, na kwa anavyopenda kusoma, najua atafika hapa.)

Mimi naoka keki nyumbani, Tabata. Za birthdei, za kipaimara, za sendofu. Mwaka ule nilikuwa na oveni moja ya gesi na watoto wawili wadogo, mtu akaniunga kwenye grupu la WhatsApp la waoka keki. Siku moja nikatupia resipi yangu ya keki ya vanila. Keshoye mtu nisiyemjua akanifuata inboksi: "Dada, resipi yako imenitia hasara. Mayai sita, siagi nusu kilo, keki imeumuka vizuri halafu imedidimia katikati kama kaburi la zamani. Mteja anakuja saa kumi. Utanisaidiaje?"

Hakuna salamu, hakuna habari za watoto. Nikaudhika. Nikamjibu kwamba keki hiyo nimeshaioka mara mia. Akauliza, "Umeiokea wapi?" Nikasema Dar. Akasema, "Mimi niko Mbeya."

Ndiyo siku niliyojifunza kwamba keki nayo ina kwao. Mji wa Mbeya uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na gesi inayotoka kwenye beking pauda inatanuka upesi kabla unga haujashika. Keki inapanda kwa mbwembwe, halafu inaanguka. Mteja wa saa kumi hatukumuokoa. Lakini tulihangaika siku nne, yeye jikoni kwake na mimi kwangu: punguza beking pauda, ongeza maziwa kidogo, pandisha moto kidogo. Kila iliyoharibika alinitumia picha yake, tena ameipiga kwa karibu, kama mtu anayepeleka ushahidi polisi. Ya tano ikasimama. Picha iliingia saa sita usiku, nikapiga kelele kitandani, mume wangu akashtuka akauliza nani amefariki.

Tangu hapo hatujaachana. Najua mwanawe wa pili anakojoa kitandani, najua deni lake la kikoba, najua siku mumewe aliporudi na simu isiyo na chaji na maelezo yasiyo na kichwa. Yeye anajua mambo yangu ambayo dada yangu wa tumbo moja hayajui. Tumekuwa tukizungumza kwa voisi, za dakika nne, dakika sita, tunasikilizana huku tunakoroga.

Jumapili ya 12 Mei 2024 intaneti ilipoanguka, wengi mtakumbuka. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na zote mbili hutua hapahapa Dar. Simu ikawa kama kioo cha kujitazamia. Mchana wote naona kile kisaa kidogo pembeni ya ujumbe, hakitaki kuwa tiki. Jioni nikakumbuka kwamba namba yake ninayo, na simu ilikuwepo kabla ya bando. Nikampigia ya kawaida. Akapokea mlio wa kwanza, na badala ya halo akasema, "Nilikuwa nasubiri uwe na akili." Tuliongea mpaka vocha ikaisha. Hakukuwa na kipya cha kusema.

Kwa hiyo watu wanapobishana kama marafiki wa mtandaoni ni marafiki kweli, mimi hukaa kimya. Swali naona limekaa vibaya. Facebook nina "marafiki" 2,300 na ushee, na wenyewe wanaruhusu mpaka 5,000. Kiswahili chetu kina ngazi: mjuani, jamaa, mshikaji, shoga, swahiba, msiri. Simu imewazoa wote ikawatia gunia moja na kuliandika "marafiki", halafu sisi tunakaa kuuliza kama gunia ni zima au bovu.

Kuna mwanaanthropolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, ambaye miaka ya 1990 alikadiria kuwa binadamu anamudu kuwa na watu 150 hivi anaofahamiana nao kwa maana, na ndani yao wa kuegemea kabisa ni kama watano. Alianzia kwenye ukubwa wa ubongo wa nyani na jamaa zake. Mimi nimeanzia kwenye lawama. Juzi nilikaa jikoni nikahesabu: nani, nikipotea mwezi mzima bila kumjulia hali, atanilaumu, na lawama yake itaninyima usingizi? Nimepata saba. Wawili nimezaliwa nao. Mmoja ni muuza mkaa wa mtaani kwetu, ambaye akiona bodaboda inaniletea mtungi wa gesi hunisusia salamu siku mbili. Mama Atu ni wa tatu kwenye orodha. Jirani yangu tunayechangia ukuta hayumo. Namjua kwa jenereta lake tu, wala yeye hana shida na hilo. Katika wale 2,300, nikifa leo wataandika pole na mikono miwili iliyokutanishwa. Hakuna atakayesema, mbona hukuniaga.

Hili nimelirithi. Baba yangu alikuwa mtuma salamu. Wadogo hamjui; wakati huo, kabla redio binafsi hazijaanza miaka ya 1990, Radio Tanzania ndiyo ilikuwa redio. Watu walinunua kadi, wakajaza majina ya wanaowasalimu, wakapeleka, kisha wakakaa na redio mapajani kusubiri mtangazaji awasome. Baba alijiita Komando wa Buguruni. Komando! Mtu aliyekuwa akiogopa mende. Alikuwa na marafiki Tanga, Tabora, Nachingwea, wote kwa majina ya namna hiyo, na hajawahi kumtia hata mmoja machoni. Mama aliwaita watu wa hewani. Sukari ikiisha alisema, "Waambie watu wako wa hewani wakuletee."

Nakumbuka baba aliwahi kumsahau mmoja kwenye kadi. Simba Mzee wa Nachingwea. Kama wiki mbili baadaye ikaja barua, kurasa mbili, mwandiko wa kulalia kulia: amemkosea nini, mbona amesalimiwa mpaka wa Tabora aliyejiunga juzi, yeye hakutajwa. Baba aliisoma mara tatu. Hakula mchana ule. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Baba alifariki 2011. Siku ya tatu ya msiba akatokea mzee mmoja na begi la plastiki, vumbi mpaka kwenye kope, amekuja kwa basi kutoka kusini. Akaulizwa yeye ni nani kwa marehemu. Akasema, "Andikeni Simba Mzee wa Nachingwea." Baba mdogo akaandika hivyohivyo kwenye daftari la rambirambi, elfu tano. Lile daftari mama analo mpaka leo.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Mama mzazi wa Mama Atu amefariki mwezi uliopita. Niliona tangazo kwenye grupu, nikiwa na oda tatu za Jumamosi. Mnajua inavyokuwa: picha ya marehemu, mshumaa, kisha pole zinapangana moja chini ya nyingine, mwenye kuandika yake hasomi ya mwenzake. Nikaandika, "Pole sana dada, Mungu awape wepesi katika kipindi hiki kigumu." Simu yenyewe ilinipendekezea nusu ya maneno. Nikatuma elfu ishirini kwa mweka hazina wa grupu, nikarudi kwenye aising yangu. Wallahi nilijiona nimetimiza.

Kimya. Siku nne, wiki, tiki mbili za bluu na hakuna kitu. Nikajua msiba, mtu amechoka. Wiki ya pili nikatuma voisi. Akajibu kwa maandishi, yeye ambaye haandiki: "Mama Hawa, wewe ulinipa pole ya grupu."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Kwanza nilijitetea, kimoyomoyo. Ningefanyaje? Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Nina watoto, nina oda. Na kwani tumeshawahi hata kuonana? Nilipofika hapo kwenye "kwani tumeshawahi" nikajisikia vibaya, kwa sababu miaka yote hii sikuwahi kulisema hilo nilipokuwa na shida mimi. Mwanangu alipolazwa 2022, huyu mwanamke alikesha na mimi kwenye simu mpaka alfajiri, mimi nikiwa kwenye benchi la wodi, yeye akinisimulia umbea wa mtaani kwao ili nisilale wala nisilie. Siku ile hakuwa mtu wa hewani. Amekuwa wa hewani siku ya zamu yangu.

Nikaenda Buguruni kumweleza mama. Nilitaka anitetee, nikijua alivyokuwa akiwasema watu wa baba. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Yule wa Nachingwea alikuja," akasema, akaendelea kuchambua.

Tikiti nimekata. Arobaini ni Jumamosi ijayo. Basi linatoka stendi ya Magufuli alfajiri ya Alhamisi, jioni niko Mbeya nikijaliwa. Mume wangu ameuliza mara mbili kama huyu mtu yupo kweli, na anataka nimtumie eneo nilipo kila kituo. Hajakosea, utapeli umejaa. Ila msije mkaniambia kwamba sasa ndiyo tunakwenda kuwa marafiki wa kweli. Huwezi kununiwa na mtu ambaye si rafiki yako.

Jana usiku nimempigia, simu ya kawaida. Sikuomba msamaha kwa ufasaha. Nilisema, "Nakuja." Akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa kwao asiyejua saa.

"Unakuja na nini?"

"Nilifikiria keki."

Akacheka. "Keki ya Dar? Iache hukohuko. Lete nazi kumi. Na usininunulie zile kavu za wiki iliyopita, nitakujua."

Nimenunua kumi na mbili, nikazitikisa moja moja sikioni mbele ya muuzaji mpaka akakasirika. Ameniambia pia nibebe sweta, kule sasa hivi ni baridi ya kung'ata meno. Sweta sina. Tabata nzima nimeulizia, nimepata koti la mvua.