Mizizi ya mkoko sikioni: herini za kifuu na waya wa shaba

Watu wakiona herini za umbo la msitu, swali la kwanza huwa: mnazichuma wapi? Hatuchumi. Msitu wenyewe, Jozani na Ghuba ya Chwaka huku Unguja, ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na hata kama isingekuwa hifadhi, kukata mkoko kwa ajili ya pambo la sikio ni israfu. Kule huchukuliwa umbo tu. Malighafi iko jikoni na kwa fundi umeme.

Umbo lenyewe litazame vizuri kabla ya kushika koleo. Nenda kwenye ile njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, maji yakiwa yamekupwa, uangalie mkoko wenyewe, si mchu, jamii nyingine ya mikoko. Mchu vijiti vyake vimechomoza matopeni kama misumari. Mkoko mizizi yake hutoka ubavuni mwa shina, ikajipinda kwa nje kama upinde, ndipo ikashuka. Anayeanza hunyoosha waya wake chini moja kwa moja, akamaliza na kitu kinachofanana na kitana.

Kifuu kiwe cha nazi iliyokomaa, iliyokwisha kukunwa. Cha dafu ni chembamba na kikikauka hupinda. Kwangua mabaki yote ya nazi, chemsha kifuu dakika 20 kwa maji na sabuni, kisha kianike kivulini wiki moja hadi mbili. Juani hupasuka, na ufa wenyewe pengine huuoni mpaka umeshakata. Kikibaki na nazi ndani, kitaota ukungu, na hapo kifanye upawa au kitie motoni.

Kata duara la milimita 25, mbali na yale macho matatu. Kipimo hiki kina sababu yake. Kifuu kimebinuka: kwa nazi yenye upana wa sentimita 10 hivi, duara la milimita 25 limeinuka katikati kiasi cha milimita moja na nusu, na la 40 zaidi ya milimita nne. Kwa kuwa kifuu chenyewe kina unene wa milimita 3 hadi 5, ukitaka kulisawazisha duara kubwa utakula unene wote na kubaki na tundu. Anayetaka herini kubwa auache mbinuko wake, si kasoro.

Tumia msumeno wa uzi, meno yakielekea chini. Toboa kabla ya kupiga msasa wa mwisho, maana biti huacha makovu. Matundu matano ya milimita 1.5 ukingo wa chini, yakiachana milimita 4 na kukaa milimita 3 ndani ya ukingo, na moja juu. Ukisogea ukingoni zaidi, kifuu kitameguka siku ya kwanza herini ikinasa kwenye mtandio. Msasa uanze namba 120, kisha 240, 400 na 800, kwa maji. Vumbi la kifuu ni baya kifuani, kwa hiyo ukilazimika kupiga msasa mkavu, vaa barakoa.

Waya ni ule mgumu wa umeme wa nyumbani wa milimita mraba 1.5, wenye uzi mmoja ndani. Uzi huo una kipenyo cha milimita 1.38, unapita kwenye tundu bila kucheza sana. Plastiki ichane kwa kisu. Msiichome! Moshi wake una sumu, na shaba hutoka imejaa masizi. Kata vipande vitano kwa kila herini, cha kati milimita 60, vya pembeni vifupi kidogo kidogo. Vipashe moto mpaka vigeuke wekundu hafifu (fanya hivyo kwenye kiza, juani rangi haionekani), uvitumbukize majini. Weusi utakaobaki utolewe kwa maji ya ndimu na chumvi kwa nusu saa. Kisha osha kwa sabuni na magadi. Usipoosha, ndimu na chumvi zitaendelea kula shaba na kesho utakuta kijani.

Shaba iliyopashwa hupindika kama uzi, lakini kila ukiipinda hukaza. Kwa hiyo fanya kila upinde mara moja, ukizungusha waya kwenye kalamu ya wino mzito. Ukisita na kunyoosha na kupinda tena, utakatika pale pale. Ncha za chini zigonge kwenye fuawe mpaka ziwe bapa. Ncha za juu zipite tunduni, uzikunje nyuma kwa koleo ya mdomo wa mviringo. Herini moja yote haifiki gramu 6, uzito ambao sikio halichoki nao.

Kulabu ya sikioni isiwe ya shaba, kwani jasho huifanya iache kijani kwenye tundu la sikio. Tumia waya wa fedha ya 925 (yenye fedha halisi asilimia 92.5), milimita 0.8, ncha ikiwa imesuguliwa ikawa butu.

Kung'arisha kifuu, wengi hukimbilia mafuta ya nazi. Yanang'aa, kweli, ila hayakauki kamwe na yanaacha doa kwenye nguo. Afadhali nta ya nyuki: pasha kifuu kidogo, sugua nta, futa kwa kitambaa kigumu.

Kwa kidani cha kuendana, tumia komwe, zile zile za bao. Ganda lake ni gumu na laini juu, biti huteleza. Ikalishe komwe kwenye shimo dogo ulilochonga ubaoni, toboa nusu huku na nusu kule, ukidondosha maji; ukitoboa upande mmoja mpaka mwisho, ganda litabanduka pale biti inapotokea. Kingo za tundu zipanue kidogo kwa biti ya milimita 3, la sivyo zitakata uzi. Jihadhari tu na zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Ni sumu kali, na kuzitoboa ndiko kunakofungua sumu yenyewe. Sisi hatuziingizi karakanani.