Kocha wa Gofu wa Stillwater, kwa Wanaoniuliza Kuhusu Watoto Wao

Kaka yangu yuko Dar es Salaam, na mwanawe wa kwanza anacheza gofu pale Lugalo, kwenye uwanja wa jeshi. Kijana ana mkono mzuri, sikatai. Tangu aanze kushinda mashindano ya vijana, kila tukiongea, hata salamu hazijaisha, naulizwa: "Wewe si unakaa kwenye mji wa chuo kile cha gofu? Nenda kamwone kocha, mwambie una mtoto." Na siyo yeye tu. Kuna mama mmoja wa Arusha na mzee mwingine wa Nairobi ambaye sijui hata namba yangu aliipata wapi. Basi leo najibu wote kwa pamoja, na jibu lenyewe linapita kwa mzee mmoja wa hapa anayeitwa Mike Holder, aliyekuwa kocha wa gofu wa chuo hicho.

Stillwater ni mji mdogo jimboni Oklahoma. Oklahoma City iko upande mmoja, Tulsa upande mwingine, kila moja ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Katikati ni nyasi, ng'ombe na upepo, na upepo wa huku hauna adabu. Nilikuja kusoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, nikapata kazi, nikabaki. Nyumbani gofu nilikuwa naiona ni mchezo wa mabosi na mabalozi, sisi wengine tunaupita nje ya ua wa Gymkhana tukiwahi daladala. Hapa nimekuta fundi wa matairi anayezitaja timu za gofu za chuo za miaka ya themanini, mchezaji kwa mchezaji, kama wazee wetu wanavyokitaja kikosi cha Simba cha 1993.

Sababu ya mapenzi hayo ni kwamba chuo hiki kimetwaa ubingwa wa taifa wa gofu ya wanaume mara 12. Mara 8 kati ya hizo timu ilikuwa chini ya Holder: 1976, 1978, 1980, 1983, 1987, 1991, 1995 na 2000. Katika historia nzima ya gofu ya vyuo vya Marekani aliyemzidi ni Dave Williams wa Chuo Kikuu cha Houston, mwalimu wa uhandisi wa kemikali aliyechukua 16 kati ya 1956 na 1985. Ndiyo, mwalimu wa kemikali. Hilo peke yake lilitakiwa kunifumbua macho mapema kuhusu kazi ya kocha wa gofu ni ipi hasa.

Holder ni mtoto wa hapahapa, mzaliwa wa Ardmore kusini mwa jimbo. Aliichezea timu ya chuo mpaka 1970, na mwaka 1973, hajafika hata miaka 30, akakabidhiwa timu yenyewe. Aliyemwachia kiti, Labron Harris, alikuwa amekikalia tangu 1947 na alileta ubingwa wa kwanza mwaka 1963. Hapa watu hawabadilishi makocha ovyo. Tangu 1947 hadi leo makocha wakuu wa timu hiyo ni wanne tu. Wapenzi wa klabu zetu za mpira, ambako kocha akifungwa mechi mbili ameshapakia begi, walisome hilo polepole.

Sasa kocha wa gofu anafanya nini? Timu inaingia uwanjani na wachezaji watano. Kila siku wote wanacheza mashimo 18, halafu zinahesabiwa alama za wanne waliofanya vizuri, yaani waliotumia mikwaju michache, ya tano inatupwa. Kocha anaruhusiwa kutembea na mchezaji na kumshauri kati ya mkwaju na mkwaju, jambo ambalo kwenye gofu ya kulipwa ni kazi ya mbeba mfuko peke yake. Lakini yule kijana wa miaka 20 amekuwa na mwalimu wake wa kupiga mpira tangu akiwa darasa la pili. Anakuja chuoni mkono umeshakomaa. Kocha akianza kumvunjavunja na kumjenga upya, atamharibu, na mzazi atapiga simu.

Kazi yenyewe iko kwingine. Kwanza ni kuchagua nani aje, na hilo nitalirudia maana ndilo linalowahusu. Kisha ni kuwafanya wenye vipaji wasilale: kabla ya kila safari wanashindana wao kwa wao kugombea zile nafasi tano, na jina kubwa halimwokoi mtu. Holder alijulikana kuwa mkali katika mambo haya. Waliopita mikononi mwake si wa kubahatisha. Bob Tway, aliyekuwemo kwenye timu za 1978 na 1980, alishinda PGA Championship ya 1986, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu ya kulipwa, kwa kuutumbukiza mpira shimoni kutoka kwenye mchanga kwenye shimo la mwisho kabisa, Greg Norman akitazama. Scott Verplank alishinda Western Open ya 1985, mashindano ya wachezaji wa kulipwa, akiwa bado mwanafunzi, kwa hiyo hata zawadi ya fedha hakuruhusiwa kuipokea. Charles Howell III alibeba ubingwa wa mchezaji mmojammoja mwaka 2000 akiwa mikwaju 23 chini ya kiwango cha uwanja, na timu ikachukua wa kwake siku hiyohiyo.

Mashindano ninayopenda kusimuliwa ni ya 1995, Columbus, Ohio. Chuo cha Stanford walikuwa mabingwa watetezi na walikuwa na kijana mmoja mwembamba anayeitwa Tiger Woods. Baada ya siku nne Stanford na timu ya hapa zikatoka sare, ikabidi wachezaji wote watano wa kila upande warudi uwanjani kwa shimo la ziada. Timu ya hapa ikashinda palepale. Katika wale watano alikuwemo Trip Kuehne, aliyekuwa amefungwa na huyohuyo Woods kwenye fainali ya ubingwa wa ridhaa wa Marekani, wa wachezaji wasiolipwa, mwaka mmoja nyuma, na Alan Bratton, ambaye leo ndiye kocha mkuu wa chuo.

Ila ukiniuliza mimi, ubingwa wote huo si kazi kubwa ya Holder. Kazi yake kubwa ilikuwa kuomba.

Wasomaji wa nyumbani wataona nimemtukana mzee wa watu, sivyo. Chuo cha umma cha Marekani kina bajeti ya michezo, lakini macho yote yako kwenye mpira wao wa kukumbatia na ule wa kikapu. Gofu haiuzi tiketi. Kocha anayetaka kitu lazima akitafute kwa wenye nacho, na Holder alitaka kitu kikubwa: uwanja wa chuo wenyewe, mgumu, ambao kijana akiuzoea hakuna mahali atakapopelekwa akaogopa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama miaka na miaka kwa wahitimu na matajiri wapenda gofu. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1994, magharibi ya mji, umechorwa na Tom Fazio, umepenya katikati ya misitu ya mialoni mifupi yenye matawi ya kusokotana. Unaitwa Karsten Creek.

Jina hilo ndilo lililonifanya mimi mhamiaji nisimame kidogo. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1911, akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Alifanya kazi ya kushona viatu Seattle, baadaye akawa mhandisi wa General Electric, na mwishoni mwa miaka ya hamsini akatengeneza gereji kwake fimbo ya kusukumia mpira iliyokuwa ikitoa mlio kila inapogonga. Mlio ule ukawa jina la kampuni, PING. Mtoto wa mhamiaji fundi viatu ndiye mwenye jina lililoandikwa getini, na ziwa lililo ndani ya uwanja limepewa jina la mkewe, Louise.

Holder mwenyewe hakuwahi kuchukua ubingwa wa taifa kwenye uwanja huo akiwa kocha. Mashindano yaliletwa Karsten Creek mwaka 2003, Clemson wakawapita wenyeji kwa mikwaju miwili. Mwaka 2005 aliacha timu akawa mkurugenzi wa michezo yote ya chuo, na hapo ndipo uzoefu wa kuomba ulipolipa: Desemba mwaka huohuo T. Boone Pickens, mhitimu wa jiolojia aliyetajirika kwa mafuta, alitoa dola milioni 165 kwa ajili ya michezo. Chuo hakikuwahi kuota kiasi hicho. Mashindano yakarudi 2011, kwa mtindo mpya ambapo timu nane bora zinatoana moja kwa moja. Wenyeji wakatolewa nusu fainali na Augusta State, chuo kidogo.

Ya 2018 niliishuhudia mwenyewe. Mwisho wa Mei, jua la kuchoma, nikawafuata wachezaji kwenye nyasi pamoja na umati wote uliovaa rangi ya chungwa, bibi na mabwana wenye viti vya kukunja. Alabama walifungwa fainali 5 kwa 0, yaani wachezaji wao wote watano walishindwa. Kocha alikuwa Bratton, Holder akiwa bosi wake. Na kati ya wale vijana watano wawili walikuwa wametoka Norwei, Viktor Hovland na Kristoffer Ventura, wakishinda kwenye uwanja wenye jina la Mnorwei aliyehama kabla hata babu zao hawajazaliwa. Miezi michache baadaye Hovland akachukua ubingwa wa ridhaa wa Marekani pale Pebble Beach, na leo anajulikana dunia nzima.

Kaka, hapo ndipo jibu lako lilipo. Mlango kwa wageni upo wazi, tena wazi sana. Chuo hikihiki timu yake ya mbio za nyika ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2023 ikiwa na vijana wa Kenya ndani yake. Kwa nini basi kocha wa mbio anajua njia ya Kenya, na wa gofu anajua njia ya Norwei? Mkimbiaji ana saa. Dakika zake za mita 5,000 zinasomeka vilevile Eldoret na Oklahoma. Mcheza gofu akisema alipiga 70, kocha atauliza: uwanja gani, urefu gani, upepo gani, na nani aliyekuwepo? Kwa hiyo anaangalia orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, inayosimamiwa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyoongoza gofu duniani, na mtoto wa Oslo ana mashindano mengi ya karibu yanayohesabiwa humo. Mtoto wetu anayo machache mno. Ndiyo maana nilifurahi R&A walipoanzisha Africa Amateur Championship, ubingwa wa ridhaa wa Afrika, kule Afrika Kusini mwaka 2024. Mkusanyieni mwanenu nauli ya kwenda huko kabla ya kuniuliza nauli ya kuja huku.

Nafasi nazo si nyingi. Kwa miaka mingi timu ya gofu ya wanaume ya daraja la juu iliruhusiwa kugawa ufadhili kamili wa watu wanne na nusu tu, ukakatwa vipandevipande, huyu robo, yule nusu. Kina dada walikuwa na sita. Tangu 2025, baada ya kesi kubwa mahakamani, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vinaweza kumlipia kila mchezaji, lakini kikosi kimewekewa kikomo cha watu tisa. Tisa, kwa dunia nzima inayobisha hodi. Na zile habari mnazozisoma za wanafunzi wanaolipwa na matangazo ya biashara, mwenye viza ya mwanafunzi azisikie tu kwa mbali. Viza hiyo inabana sana kazi za nje ya chuo, na kijana akiteleza hapo atarudishwa nyumbani na begi lake la fimbo.

Binti ana nafasi nzuri zaidi kuliko kijana, nawaambia wazi. Sheria ya 1972 ya usawa wa kijinsia inavibana vyuo vitoe nafasi za michezo kwa wanawake, na wasichana wanaocheza gofu vizuri ni wachache kuliko nafasi. Mama wa Arusha, hilo ni lako.

Stillwater pia siyo mahali pa kuanzia. Kuna vyuo vidogo mamia, vya daraja la pili na vya miaka miwili, ambavyo kocha wake anaendesha basi mwenyewe na anajibu barua pepe mwenyewe. Andika kwa hao. Weka matokeo ya mashindano yenye jina, urefu wa uwanja, video fupi isiyo na muziki, na alama za darasani, kwa sababu bila wastani unaokubalika NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, hawamsajili hata akipiga kama Hovland. Na aandike kijana mwenyewe, siyo baba. Makocha wa daraja la juu hawaruhusiwi kuanza mazungumzo na mchezaji mpaka Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya huku, kwa hiyo wa kidato cha kwanza akikaa kimya bila jibu asidhani amedharauliwa.

Haya yote nilishamweleza mpwa wangu kwa simu, baba yake akiwa pembeni anasikiliza. Kijana alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza huo upepo wa Oklahoma kwa kawaida unavuma kutoka upande gani.