Mkono Ulioambatana na Upanga

Somo: 2 Samweli 23:9-10; Kutoka 17:8-13

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Eleazari mwana wa Dodai alikuwa mmoja wa wale mashujaa watatu wa Daudi. Israeli waliporudi nyuma, yeye alisimama akawapiga Wafilisti hata mkono ukachoka, ukaambatana na upanga. Mstari huu tumezoea kuuhubiri kama sifa ya ushujaa, na ni sifa kweli, maana Bwana alileta wokovu mkuu siku ile. Ila anayeuguza kifundo cha mkono huusoma kwa jicho jingine. Vita vimekwisha, vidole bado vimegoma kufunguka.

Na Eleazari alipigana siku moja tu! Sisi tunachapa, tunashona, tunafua, tunasukuma kipanya cha kompyuta, mwendo uleule mwaka hadi mwaka. Hukuanguka wala hukuvunjika, lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, zimechoka. Kwa wengine uvimbe hubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye mfereji mwembamba wa kifundo pamoja na kano 9. Ndipo mtu huamka usiku wa manane, kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi, akaukung'uta mkono gizani.

Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole: wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Hapo ndipo penye jaribu. Umeombewa Jumapili, Jumatatu kifuniko cha chupa kinakushinda, na hakosi ndugu wa kukuambia imani yako ni haba. Mimi sikubaliani naye. Kuvaa banzi, kile kifaa cha kuunyoosha mkono na kuutuliza, usiku si kukosa imani.

Mtazameni Musa, aliyeinua mikono kilimani Israeli walipokuwa wakipigana na Amaleki. Mikono yake ilipokuwa mizito, hatusomi kwamba ilirudishiwa nguvu papo hapo. Waliweka jiwe, akalikalia, kisha Haruni na Huri wakaitegemeza mikono yake hata jua lilipokuchwa. Jiwe lilitangulia, nami napenda hilo: kwanza walirekebisha namna alivyokaa. Wengi wetu tungeanza hapo hapo, kwenye kimo cha kiti na meza, na kifundo kisichokunjwa saa nzima.

Jiwe ni rahisi. Kumruhusu Huri akutegemeze mkono ni kazi, hasa kwa mpiga kinanda, karani wa kanisa, au mama aliyezoea kuwapikia wote. Anajiona hana faida tena. Lakini waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, mwandishi wa Paulo, naye akaweka salamu zake mwenyewe katika 16:22. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba waraka si wa Paulo.

Maumivu yakipungua, msikimbilie kufidia kazi zote zilizolala. Wala msiuache mkono bila kazi kwa muda mrefu, maana nao hulegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atawaonyesha kiasi cha kuanzia. Kiongezeni kidogo kidogo. Mwenye ganzi isiyoisha, au anayeangusha vitu, aende kituo cha afya wiki hii, asisubiri ibada ya maombezi.

Tuombe: Ee Bwana, wape wagonjwa wetu uvumilivu wa miezi, na utupe sisi macho ya kuona ni mkono wa nani umekuwa mzito kati yetu. Amina.