Jembe Linashuka na Ngoma

Ngozi ya ng'ombe haipendi alfajiri ya Kisesa. Juni ni kiangazi, mvua zimeshapita, lakini usiku una baridi na unyevu wa Ziwa Victoria unapanda mpaka vilima vya Bujora. Ngoma iliyolia vizuri jana jioni, asubuhi ukiigonga inatoa sauti ya gunia la mahindi. Ndiyo maana siku ile ya mashindano ya Bulabo, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mpiga ngoma wetu tukiwasha mabua ya mtama.

Mabua, mkaa hapana. Mzee alilisema hilo kabla hatujamaliza hata kusalimiana. Mkaa unakaza joto mahali pamoja, unakausha ngozi ukingoni inapopita kamba, na ngozi iliyokaukia ukingoni ndiyo inayopasuka katikati ya mchezo. Moto wa mabua unawaka upesi na kufa upesi, kwa hiyo unalazimika kuigeuza ngoma kila mara. Aliiviringisha chini, hatua moja kutoka motoni, akawa anaigonga kwa kidole gumba, kwanza ukingoni, halafu katikati. Ukingo hupata joto mapema. Ukisikia sauti mbili, ya ukingoni juu na ya katikati chini, ngoma bado. Zikikaribiana, itoe motoni, maana dakika mbili zaidi ni nyingi mno. Upande usiopigwa nao unapashwa, kwa sababu ngozi mbili za ngoma ya Kisukuma zinavutana kwa kamba zilezile.

Nilikuwa na miezi mitano tangu nirudi nyumbani. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma miaka mitatu Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hiki kinachojulikana sasa kama TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kilianzishwa 1981, baada ya Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilichoundwa 1963 kuvunjwa, na baadhi ya wachezaji wa kikundi kile ndio waliokuwa walimu wa mwanzo. Urithi wao ulikuwa bado unaonekana darasani. Ulijifunza sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, mdundiko wa Wazaramo, msewe ya Pemba, na bugobogobo, ngoma ya majembe ya kwetu Usukumani, zote kwa utaratibu mmoja: unaimba mdundo kwa mdomo, unaupiga mapajani kwa viganja, unaupiga kwenye ngoma, kisha ndipo unaruhusiwa kusogeza mguu. Ni utaratibu mzuri, nautumia mpaka leo. Mtu ambaye hajaupata mdundo mdomoni hataupata kiunoni.

Baada ya chuo nilicheza jukwaani miaka tisa, Dar es Salaam na safari chache za nje. Huko bugobogobo ilikuwa ya dakika nane. Wachezaji wanane, mistari miwili, nyuso zote kwa watazamaji, kila hatua inahesabiwa nane nane. Majembe yetu yalikuwa ya mbao nyembamba iliyopakwa rangi ya fedha, kwa sababu jembe la kweli ni zito, linakwaruza sakafu, na wenye kumbi hawataki. Tena tulikuwa tunayainua majembe juu pale ngoma kubwa inapolia kwa uzito. Taa zinayapiga, yanamweka, watu wanapiga makofi. Mpangilio huohuo ndio niliowafundisha vijana kumi na sita wa Kisesa, jioni nne kwa wiki, kuanzia Februari.

Jambo moja nililibadilisha: majembe yawe ya kweli. Kushindana Bujora na majembe ya mbao ingekuwa aibu kwa kijiji. Nilinunua majembe mapya, mipini nikaipima kwa kila mchezaji, kutoka chini mpaka kwenye nyonga na upana wa kiganja juu yake. Mpini mrefu kupita hapo unagonga kwapa unapolizungusha jembe. Mfupi kuliko hapo unamlazimisha mchezaji ainame kupita kiasi, na baada ya robo saa mgongo umechoka. Kulizungusha hewani kuna siri yake. Uzito wote uko kwenye chuma, basi ukishika mwisho wa mpini jembe linakukimbia. Shika karibu na chuma, mahali ambapo ukiliweka juu ya kidole kimoja linatulia bila kuanguka, na ukilirusha kutoka hapo litazunguka polepole, mpini ukichora duara kubwa, na litarudi mkononi palepale. Vijana walilipata hilo kwa wiki tatu. Mipini niliisugua kwa msasa nikaipaka vanishi ipendeze.

Mzee aliiona ile vanishi akatikisa kichwa. "Mayu," aliniambia, yaani mama, "majembe haya yalale kwenye maji leo." Nilimjibu kwamba vanishi itaharibika. Hakurudia.

Sasa, kwa asiyeyajua mashindano ya kwetu. Bulabo, maana yake maua, huja na sikukuu ya Ekaristi, na ngoma ndizo zinazoijaza Bujora, kama kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya Musoma. Vikundi viwili vinaingia uwanjani pamoja, kila kimoja upande wake, na vinaanza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Wanasimama wanapopenda, wakichoka wanahamia upande wa pili. Anayebaki na umati mkubwa ndiye mshindi. Hesabu hii ni ya kale. Bagika na Bagalu, jamii mbili kubwa za wachezaji Usukumani, zinafuata nyayo za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu kwa ngoma, nani atavuta watu. Ndiyo sababu utaona kikundi kinaingia na chatu, kingine na nungunungu, kingine na sanamu la mbao linalonyanyua mkono. Nyumbani nilikulia kwenye viwanja hivyo, na bado niliingia siku ile nikiwa nimewapanga vijana kama kwa jukwaa.

Tulianza saa nane mchana. Dakika kumi za kwanza zilikuwa zetu. Mistari ilinyooka, majembe kumi na sita yakapanda pamoja, yakazunguka pamoja, yakashuka mikononi pamoja, na upande wetu ukafunga watu tabaka tatu nne. Wenzetu walikuwa wameanza taratibu, wimbo mrefu, hatua ndogo ndogo. Nilidhani wamechelewa kupata moto.

Halafu watu wakaanza kutoka. Walianzia nyuma yetu, na hilo ndilo kosa la kwanza nililoliona. Uwanja wa Bujora hauna mbele, watu wamekuzunguka, na mimi nilikuwa nimewapa nusu yao migongo. Kosa la pili lilionekana mpangilio ulipofika mwisho. Dakika nane zilikuwa zimenyooshwa zikawa kumi na mbili, zikaisha, ikabidi tuanze upya. Mtu aliyeuona mchezo mara moja akiuona unaanza vilevile, hatua kwa hatua, anageuza shingo kuangalia kule kunakopigwa vigelegele. Upande wa pili walikuwa ndio kwanza wanamtoa mchezaji aliyelisimamisha jembe kidevuni, mpini chini, chuma juu, huku anapiga magoti.

La tatu lilinitoa jasho. Msichana wa mstari wa pili alirusha jembe, likazunguka, na lilipokuwa juu chuma kikaachana na mpini. Mpini ulirudi mkononi mwake. Chuma kilidondoka kwenye vumbi hatua mbili mbele ya watoto waliokaa chini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikilikumbuka. Chanzo ni rahisi. Mpini ule uliingizwa mwezi wa pili, mti ukiwa na unyevu wa mvua. Kufika Juni umekauka umesinyaa, na tundu la chuma halisinyai. Ungelala majini usiku mmoja, mti ungevimba ukakaza. Tena vanishi yangu ilikuwa imeuziba mti ukawa laini kupita kiasi, na viganja vyenye jasho vilikuwa vinateleza, kwa hiyo vijana walikuwa wanashika kwa nguvu na kurusha kwa nguvu kuliko tulivyozoea.

Nilimwangalia mzee. Alikuwa ameshaacha kunifuata mimi. Alishusha fimbo zote mbili, akaziacha ngoma zikae kimya kwa muda wa pumzi moja ndefu, na katika uwanja ule wenye kelele ukimya wa upande mmoja unasikika. Kisha akapiga pigo moja zito, akafuatisha mawili mepesi. Zito, jepesi, jepesi. Polepole kabisa. Akawaita vijana: "Limeni!"

Wale ni watoto wa wakulima, wamelima matuta ya pamba na viazi tangu wakiwa darasa la pili. Mikono yao ilielewa kabla yangu. Jembe likapanda kwenye ukimya, likashuka pamoja na pigo zito, na kwenye mapigo mawili mepesi likavutwa kuja mguuni, moja, mbili, kama unavyovuta udongo kuujaza tuta. Mimi kwa miaka tisa nilikuwa ninalipandisha jembe pale ngoma inapoanguka. Anayelima hafanyi hivyo hata siku moja. Uzito wa chuma ndio unaolishusha jembe, mkono unaliongoza tu, na ngoma ya bugobogobo ilikuwa ya kwenda na kundi shambani, kuwapa wote pigo moja la kushukia ili asiwepo anayebaki nyuma. Majembe yanapotua pamoja na ngoma, chini panatoa sauti yake. Kumi na tano, maana moja lilikuwa limekufa. Hiyo sauti ya chuma kwenye ardhi kavu hatukuwahi kuisikia kwenye mazoezi, kwa sababu hatukuwahi kugusa ardhi.

Mistari ikavunjika yenyewe. Ukivuta tuta lazima usogee, na waliposogea wakaanza kukunja duara. Yule msichana mwenye mpini mtupu aliendelea kuvuta tuta kwa mpini huohuo, na akina mama wakamcheka kwa upendo, wakamwimbia. Mzee hakuongeza kasi mpaka alipoona watu wamerudi tabaka mbili. Hapo akaongeza kidogo, akasubiri. Umati ukiongezeka anapandisha, ukisimama anabaki, wakianza kugeuza shingo anakata ghafla na kuanzisha wimbo mwingine. Alikuwa anawatazama watu kuliko alivyowatazama wachezaji. Miguu ya watazamaji ilikuwa ndiyo hesabu yake, na mimi mwalimu nilikuwa nimesimama na nane zangu mkononi.

Tulicheza hivyo mpaka karibu saa kumi na moja. Hatukushinda. Wenzetu walikuwa na umati mkubwa zaidi yetu, na walistahili, kazi yao ilikuwa imepangwa kwa saa tatu, wakibakiza la maana kwa mwisho. Ila upande wetu haukubaki mtupu. Mama mmoja mtu mzima alikuja kumpa mzee shilingi mia tano, akashika jembe la mmoja wa vijana, akalipima mkononi, akaliangalia tundu lake kwa karibu, akamrudishia.

Jioni ile mzee alikaa chini na kisu akachonga kabari za mti mkavu, nyembamba kama unene wa sarafu, za kupigiliwa juu ya mpini chuma kikishaingia. Kabari inaingizwa kwa kukata nyuzi za mti, ikifuata nyuzi mpini unapasuka. Mimi nilikwangua vanishi kwa kipande cha chupa. Palipokwanguliwa tulipaka mafuta ya kula, kidogo, tukafuta.

"Wabeja, babu," nilimwambia, yaani asante.

"Novemba utawaleta shambani kwangu," alijibu. "Nina ekari moja na nusu ya kupanda pamba."

Mvua za kwanza ziliponyesha tulikwenda, wote kumi na sita, saa kumi na mbili asubuhi. Ngoma ya kati aliiweka juu ya tuta la mwaka jana, akatandika gunia chini yake isinyonye maji. Udongo ulikuwa umelowa shubiri mbili kwenda chini. Sikuhesabu. Nilishika jembe langu mstari wa mwisho, nikangoja pigo zito, nikaliachia.