Nilivyomfuata Kalulu hadi kwenye kaseti

Kambo wangu, yaani bibi yangu, anaishi Katuba, komini ya jiji la Lubumbashi, Kongo, na mpaka leo hasimulii hadithi ya Kalulu, yule sungura mjanja, kabla jua halijazama. Ukimwomba mchana anakuuliza kama kwenu mmekosa kazi. Ninayoipenda kupita zote ni ile ya kisima: wanyama wanachimba, Kalulu anakataa kushika jembe, halafu usiku anakuja kuiba maji. Wanamtegea sanamu iliyopakwa ulimbo. Kalulu anaisalimu, haijibu. Anaizaba kofi, mkono unanasa. La pili, unanasa. Teke, linanasa. Anamalizia na kichwa.

Sasa fikiria mshangao wangu nilipoikuta hadithi hiyohiyo, kofi kwa kofi, katika kitabu cha Mmarekani wa Georgia. Joel Chandler Harris alikuwa mwandishi wa magazeti mjini Atlanta. Ujanani aliishi kwenye shamba kubwa la pamba, akawa anakwenda jioni kuwasikiliza watumwa wakisimulia. Mwaka 1880 alitoa kitabu ambamo mzee mweusi, Uncle Remus, anamsimulia mtoto wa Kizungu visa vya Br'er Rabbit, yaani Ndugu Sungura. Wajukuu wa waliobebwa kwenye meli walikuwa bado na Kalulu wao. Walimbadilishia jina tu, na ulimbo ukawa lami.

Kisha nikasoma kwamba Walt Disney aliifanya filamu mwaka 1946, Song of the South, ambayo kwa Kifaransa iliitwa Mélodie du Sud. Nikasema basi, jambo dogo, nitamwonyesha Kambo Krismasi. Ilinichukua karibu miaka miwili.

Filamu yenyewe haikupotea. Wenyewe wanayo, ila wameifungia kabatini. Inachanganya watu halisi na katuni, dakika 94, na wimbo wake wa Zip-a-Dee-Doo-Dah ulipata Oscar. James Baskett, aliyeigiza Uncle Remus, alipewa Oscar ya heshima mwaka 1948, akafariki miezi michache baadaye. Lakini filamu ilipozinduliwa Atlanta, Novemba 1946, yeye hakuwepo, kwa sababu mji ule ulikuwa na sheria za kuwatenga weusi na asingeweza kushiriki sherehe za filamu yake mwenyewe. Ninapofika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Malalamiko yalianza siku zilezile. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani, kilikubali kwamba kazi ya sanaa ni nzuri, kikalaumu jinsi shamba la Kusini linavyochorwa kama paradiso, bwana na mtumishi wakiishi kwa raha na nyimbo. New York watu walisimama mlangoni mwa sinema na mabango. Hata hivyo iliendelea kurudishwa kwenye majumba ya sinema, mara ya mwisho Marekani mwaka 1986. Kaseti yake ya video haikuuzwa kamwe huko kwao. Iliuzwa Uingereza, na Japani ikatoka kwenye diski kubwa za leza. Mwaka 2017 Whoopi Goldberg aliomba itolewe ili watu waizungumze. Machi 2020 Bob Iger, wakati huo mwenyekiti mtendaji wa Disney, akasema kwamba haitawekwa kwenye Disney+, huduma yao ya filamu mtandaoni, hata kwa onyo mwanzoni.

Kwa hiyo ukiitaka kweli unatafuta kaseti ya Kiingereza ya miaka ya themanini au tisini. Mimi sikulijua hilo mapema, nikaanza na ujinga.

Ujinga wenyewe ulikuwa diski niliyonunua kwa kijana anayeuza filamu mezani mjini. Aliniambia, "Yaya," yaani kaka, "hii ni kopi safi, ya kwanza." Niliiweka usiku. Picha ilikuwa kama inatazamwa kupitia chandarua, na kila walipoanza kuimba, chini yake zikatokea herufi za Kijapani. Ilifika dakika ya 31 ikaganda, mzee amefungua mdomo. Nilirudi mezani asubuhi nikakuta anauza viatu.

Hapo nikamwandikia binamu yangu aliye London. Nilimpa masharti matatu: iwe kaseti halisi yenye jalada, muuzaji apige picha ya utepe kupitia kidirisha, na asinunue yoyote yenye unga mweupe. Ule unga ni ukungu, na ukiiingiza kaseti hiyo kwenye deki umeiambukiza deki pia. Alipata moja kwa mzee aliyekuwa akisafisha stoo yake, pauni 14. Binamu alicheka sana. Aliniuliza kama huku tumeishiwa katuni.

Kaseti ilisafiri na mama mdogo hadi Ndola, Zambia, maana alikuwa anakuja msibani. Na Ndola nilikuwa na sababu ya pili ya kwenda. Deki yetu ya nyumbani, aliyoiacha baba, ilikuwa ya Secam, mfumo wa televisheni wa Wafaransa, na kaseti ya Uingereza ni ya mfumo mwingine, Pal. Zambia wao walifuata Uingereza. Nikaona kuliko kubahatisha, ninunue deki hukohuko. Sokoni nilipata moja kwa dola 20, imekaa juu ya kabati la kuku, manyoya yametoka hadi kwenye mlango wa kaseti.

Kurudi, Kasumbalesa, vijana wawili wa mpakani walifungua begi. Mmoja aliiinua deki. "Papa, hii ni mashine ya nini?" Nikamwambia. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na dakika kumi nzima nikawa naeleza jinsi tulivyokuwa tunarudisha utepe kwa kalamu. (Kalamu ni ya kaseti ya muziki, najua. Nilishazidiwa na watazamaji.) Hawakunitoza kitu. Kutoka hapo hadi mjini ni kama kilomita 90, nimeipakata deki kama mtoto mchanga.

Fundi niliyempata yuko Kenya. Wasomaji wa mbali wasishtuke, hiyo ni komini ya hapa Lubumbashi. Papa huyu alitengeneza televisheni tangu wakati wa Mobutu; sasa anaishi kwa kubadilisha vioo vya simu. Alipoiona deki alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Alinifundisha jambo ambalo ningelikosea vibaya. Ndani ya deki kuna ngoma inayong'aa, kimo cha kopo dogo la maziwa, ambayo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na kwenye ukingo wake kuna vichwa vidogo kama punje ya mchanga ndivyo vinavyosoma picha. Mimi nilikuwa nimekuja na pamba za masikio. Akanipiga mkono. Nyuzi za pamba hunasa kwenye kichwa na kukivunja. Yeye alikunja karatasi ngumu, akailowesha kwa pombe kali ya hospitali, akaishikilia tuli ubavuni mwa ngoma, kisha kwa kidole cha mkono mwingine akaizungusha ngoma yenyewe, polepole, bila kuipandisha wala kuishusha karatasi. Ilitoka na mstari mweusi mwembamba. Akanionyesha kama daktari anayeonyesha jiwe alilolitoa tumboni. Mkanda wa mpira ulikuwa umelegea. Aliubadilisha kwa ule wa redio kuukuu. Gharama yote, pamoja na chai, faranga ambazo naona haya kuzitaja kwa udogo wake.

Usiku wa kwanza niliunganisha deki na televisheni ya zamani ya baba. Sauti ilikuja nzuri. Picha ikaja nyeusi na nyeupe. Nilikaa nikifikiri labda ndivyo ilivyo, ya mwaka 1946, mpaka ikafika pale mzee anapoanza kusimulia na ghafla anatembea ndani ya katuni, ndege wanamzunguka, na kila mtu aliyewahi kuieleza anasema hapo rangi zinakulipukia usoni. Kwangu ililipuka kijivu. Televisheni ya Secam haikuweza kusoma rangi za Pal. Niliizima. Siku ya pili nikaazima kwa kaka yangu ile bapa ya kuning'iniza ukutani, ya Kichina, ambayo haichagui mfumo. Nilichomeka waya wa njano na mbingu ikawa bluu.

Jumapili, baada ya bukari, ugali wetu, tukakaa sebuleni kwa Kambo: yeye, mke wangu, watoto wawili wa dada yangu. Nilikuwa natafsiri kwa Kiswahili, naye akijibu kwa Kibemba pale anapokasirika. Alikasirika mapema. Kwanza, huyu mzee akianza tu kusimulia, ghafla ni mchana kweupe. Pili, kila akiambiwa jambo na wenye shamba, mzee anakubali tu. "Mume wangu," aliniambia, "huyo hana mdomo?" Kisha akanyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Ule muzee," akasema, "batoto yake beko wapi?"

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya filamu ile, za wanaoitetea na za wanaoilaani. Wanabishana kama mambo yake yanatokea kabla ya vita vya kukomesha utumwa au baada yake, kama Baskett aliinua heshima ya weusi au alishushwa. Swali la Kambo sikukumbuka kuliona popote. Mzee ana hadithi zote hizo, ana mtoto wa Kizungu wa kumpa, ila wajukuu wake mwenyewe hawaonekani. Nilimjibu kwamba sijui, labda waliuzwa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua tayari.

Lakini Sungura alipotokea mbele ya sanamu ya lami, alinishika goti. Sungura anasalimu. Sanamu kimya. Kambo akaanza kuhesabu kwa sauti kabla ya kofi: mkono wa kwanza, wa pili, mguu. Watoto wakamfuata. Alikuwa hasikii Kiingereza hata neno, na alikuwa mbele ya filamu kwa kofi moja nzima. Mbweha na Dubu wamemshika, wanashauriana jinsi ya kumuua, Sungura anaanza kuomba: nifanyeni lolote, ila msinitupe kwenye miiba. Hapo umeme ukakatika.

Ilikuwa saa moja kasoro, giza limeshaingia. Nikainuka kutafuta tochi ya simu. Kambo akasema niketi. Akaanza yeye kuanzia kwenye miiba, ila kwake si miiba, ni maji, na mnyama anayelia "msinitupe majini" ni Kobe, maana Kalulu wake tayari alikuwa amejinasua na kumwachia mwenzake kesi. Hiyo sikuwahi kuisikia. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kunisimulia. Akasema sikuwahi kukaa mpaka mwisho.

Umeme ulirudi saa nane usiku. Niliimalizia peke yangu, na kwa maoni yangu nusu ya pili ni dhaifu, machozi mengi na fahali mmoja. Katuni zinafika robo ya filamu au zaidi kidogo, na ndizo za kuhangaikia.

Kaseti iko kabatini, imesimama wima, imerudishwa mwanzo. Deki ndiyo haina raha. Jirani alisikia kwamba ninayo inayofanya kazi, akaja na harusi yake ya 1994. Wiki iliyofuata akaja mama wa barabara ya tatu na kaseti isiyo na jalada, imefungwa kwenye kitenge, ana hakika ndani yake kuna sauti ya mumewe. Ina unga mweupe. Nimeifungua skrubu zake tano na leo jioni naipeleka kwa Papa wa Kenya.