Saratani haiambukizwi, lakini baadhi ya virusi vinavyoileta huambukizwa

Kila ninapotaja hapa Kampala kwamba baadhi ya saratani huletwa na vijidudu, huulizwa swali lilelile: je, nikimuuguza ndugu yangu mwenye saratani, nami nitaipata? Hapana. Saratani haimhami mgonjwa ikamwingia anayemlisha na kumwogesha. Kinachoambukiza ni virusi au bakteria, na wengi wetu huishi na vijidudu hivyo hadi uzeeni bila kuugua saratani yoyote. Naliandikia jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya elimu yake ilianzia nchini mwetu.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto wa kiume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la kawaida halivimbi hivyo; hii ilikuwa saratani ya chembe za kinga, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alikutana na mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa na kuziandikia hospitali nyingine. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulionekana kwenye maeneo ya joto na mvua, ukatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama ilivyo malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa akimsikiliza, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe huo kutoka Kampala. Kipande kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikaelekezwa Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameingiwa na bakteria. Epstein hakukitupa. Alipoyatazama maji hayo kwa hadubini, aliona chembe hai za uvimbe zikielea. Chembe za namna hiyo zilikuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba ndani yake mna virusi, ambavyo leo huitwa virusi vya Epstein-Barr.

Virusi hivyo vimo miilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, kwa hiyo peke yake havitoshi kuleta saratani hii. Malaria inayomrudia mtoto huzichochea chembe zake za kinga zigawanyike mfululizo, huku ikiudhoofisha ulinzi unaovizuia virusi, na katika kugawanyika huko kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, huweza kukatika na kuungana vibaya, jeni iitwayo MYC, inayoamuru chembe kugawanyika, ikahamia mahali inapofanya kazi bila kuzimwa. Naona hii ni sababu nzito ya kuthamini chandarua kuliko tulivyozoea kuelezwa.

Kwa wanawake wa Uganda, saratani inayoongoza ni ya mlango wa kizazi, na karibu yote hutokana na virusi vya papiloma, ugunduzi uliompa Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2015 kwa wasichana wa miaka 10. Dada yangu alisita mpwa wangu alipofikia umri huo, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba chanjo hiyo huharibu uzazi. Nilimweleza kwamba imetengenezwa kwa protini za ganda la virusi tu, bila jeni za virusi ndani yake, hivyo haiwezi kumwambukiza mtoto, wala haiharibu uzazi wake. Akauliza kwa nini basi isisubiri hadi binti awe mtu mzima. Ni kwa sababu chanjo hii hukinga, haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, na virusi hivi hupatikana kwa kujamiiana, kwa hiyo ni lazima iwahi. Alikubali binti achanjwe, kisha akaniuliza habari za homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake navyo huleta saratani ya ini, nami nikamshauri aanze kwa kupima damu yake mwenyewe.