Mpishi wa harusi Mombasa nimemaliza mfungo wa tiba Ujerumani, na ushauri mbovu niliopewa kabla sikuufuata

Hii habari nimeulizwa na watu wengi mpaka nimechoka kutuma voisi, kwa hivo naandika yote hapa, mwenye kutaka asome. Ndio nilienda, na ndio nilimaliza, na najivunia manake waliosema nitarudi siku ya tatu walikua wengi kuliko waliosema nitaweza.

Nilienda Überlingen, mji mdogo kusini mwa Ujerumani, uko ukingoni mwa ziwa wanaloliita Bodensee, na ziwa hilo limepakana na Ujerumani, Uswisi na Austria. Nilikaa kliniki ya mfungo wa tiba, yaani unakaa siku kadhaa bila mlo huku madaktari wanakusimamia. Watu wanadhani ni hoteli ya kusingwa na kupakwa krimu. Kusingwa kupo, bwawa la maji moto lipo na chumba chenye roshani ya kutazama ziwa kipo, lakini ukiingia tu unatolewa damu, unapimwa moyo, na daktari anakaa na wewe karibu saa nzima anakuuliza kila dawa unayomeza.

Mie kazi yangu ni kupika harusi. Miaka na miaka niko mbele ya masufuria ya biriani, naonja huku, naonja kule, pilau, mchuzi, kaimati, usiku nikirudi nyumbani hata sijui nimekula nini na nimekula kiasi gani. Presha ikapanda, magoti yakaanza kulia, nikawekwa dawa mbili. Daktari wangu hapa Mombasa akanambia wazi uzito ushuke. Nimejaribu nyumbani, lakini mtu ambae jikoni ndio ofisi yake anajizuiaje? Ndio nikaanza kusoma habari za Otto Buchinger.

Huyu Buchinger alikua daktari wa jeshi la majini la Ujerumani, akapata ugonjwa wa viungo wakati wa vita vya kwanza vya dunia mpaka akaachishwa kazi. Mwaka 1919 akaenda Freiburg akafunga siku 19 chini ya daktari mwengine, akapata nafuu kubwa, na toka hapo maisha yake yote akayaweka kwenye mfungo. Alianza na kliniki ndogo Witzenhausen, alafu 1953 ikafunguliwa ya Überlingen. Kilichonivutia ni kwamba alikua mgonjwa mwenyewe, na pia sio njia ya juzi. Kuna utafiti ulichapishwa 2019 wa watu 1,422 waliofunga kwa njia hii chini ya uangalizi, uzito na presha vilishuka, na waliopata shida kubwa walikua wachache sana.

Pesa? Usiulize senti. Kliniki peke yake ni kama laki sita za Kenya, ukiweka tiketi, viza na bima inasogea laki tisa, na nilichagua chumba cha bei ya chini. Nilienda mwezi wa kumi na moja, baridi na ukungu, manake vyumba vilikua nafuu kidogo na huku harusi zilikua chache. Pesa zilitoka kwenye chama na akiba ya miaka, hakuna niliemkopa.

Sasa ushauri mbovu. Wa kwanza ni ajenti mmoja wa safari, ati kwa vile ndege inashuka Zürich niombe viza ya Uswisi. Nikasoma mwenyewe. Ukiwa unaenda nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, haijalishi ndege inashuka wapi, kwa hivo yangu ilikua ya Ujerumani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi, na mujue bima hiyo ni ya dharura tu, hailipi matibabu uliyoyapanga mwenyewe. Kliniki waombe barua mapema, iseme tarehe, daktari na pesa ulizolipa. Barua hiyo kwa viza yangu ndio ilokua na nguvu, zaidi hata ya taarifa ya benki. Kutoka Zürich ni treni mpaka Konstanz, alafu unavuka na feri mpaka Meersburg, robo saa tu. Feri hiyo iko tangu 1928 na inafanya kazi usiku na mchana, magari yanaingia kama feri yetu ya Likoni ila hakuna kusukumana.

Wa pili alikua shoga yangu wa miaka, akasema "bi mdogo, kula ushibe, wiki ya mwisho kula kila unachokipenda manake huko hakuna kitu." Sikumsikiliza hata kidogo. Wiki nzima kabla ya safari nilipunguza nyama, nikapunguza chumvi na sukari, na kahawa nikaishusha kikombe kwa kikombe mpaka nikaiacha. Walioacha kahawa siku ile ile ya kuanza mfungo niliwaona kwa macho yangu, vichwa vinawapasuka wamelala na pazia wamefunga, na mie kichwa hakikuniuma hata siku moja. Kama utaenda na hutofanya chochote katika haya niliyoandika, fanya hili la kahawa.

Wa tatu ndio uliniudhi kabisa, tena niliusikia kila nyumba. "Wewe Muislamu, umezoea Ramadhani, huko utateleza tu." Jamani si kitu kimoja! Ramadhani tunazuia mchana hata maji, alafu magharibi ikiingia tunakula, na tuseme kweli, tunakula sana. Mfungo wa Buchinger hakuna mlo, mchana wala usiku, lakini maji na chai za majani unakunywa lita mbili au zaidi kwa siku, tena unasimamiwa. Mchana glasi ya juisi ya matunda au mboga, jioni bakuli la maji ya mboga yaliyochujwa, na asali kidogo. Ukijumlisha ni kama kalori 250 kwa siku. Akiba ya sukari kwenye ini inaisha baada ya siku moja hivi, alafu mwili unageukia mafuta, na huko kugeuka ndiko kuzito, siku ya pili na ya tatu. Na sikutia nia ya saumu, hii ni tiba, sio ibada, nasema wazi asije mtu akachanganya.

Kuanza unaanza na siku ya kupumzisha tumbo, matunda au wali mtupu. Kesho yake asubuhi unapewa chumvi ya Glauber kwenye maji, inasafisha utumbo wote. Ladha mbaya. Kunywa haraka, ndimu karibu, kaa karibu na choo, basi. Baada ya hapo kila baada ya siku moja kuna kuoshwa utumbo kwa maji kwa njia ya nyuma, nesi anakufundisha, na usiruke manake kichefuchefu na uchovu vinaweza kuja.

Sasa niwaambie jambo nililogundua mwenyewe, ambalo mpaka nesi mkuu aliandika kwenye faili langu.

Siku za mwanzo nilikua sawa asubuhi, sawa mchana, natembea kando ya ziwa na wenzangu, napumua. Lakini kila ikifika karibu saa kumi na moja jioni tumbo linanishika kama kuna mtu analikamua, mate yananijaa mdomoni, mikono inatetemeka kidogo, akili yote iko kwenye kaimati na viazi karai. Nikikaa nusu saa naona siwezi. Supu yao inakuja baada ya saa kumi na mbili. Nikauliza wenzangu, mama mmoja wa Kijerumani tuliekua tunatembea pamoja akasema yeye saa hiyo hasikii kitu, shida yake ni asubuhi anapoamka. Nikakaa nikafikiri. Nikatazama dirishani, jua linazama. Mwezi wa kumi na moja kule linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Hapo ndio ikanijia, wallahi nilisimama kitandani! Mwili wangu tangu utotoni umefunzwa kwamba jua likizama chakula kinakuja. Haujui niko Ujerumani, haujui ni mwezi gani, umeona giza unadai futari yake. Na yule mama miaka hamsini amekunywa kahawa na mkate saa moja asubuhi, wake unadai saa moja.

Asubuhi nesi alipokuja kunipima presha na uzito nikamueleza. Nikamwambia mie sitaki kuongezewa kitu, nataka asali yangu ile ile niiweke, nisiile mchana na chai, niile jua linapozama. Akacheka, akaenda kwa daktari, akarudi na jibu kwamba hakuna ubaya, kiasi ni kile kile.

Basi kuanzia siku hiyo ikawa hivi. Chai ya mchana nakunywa tupu. Kibakuli cha asali nakifunika na sahani nakiweka dirishani. Jua likishuka nachemsha maji, natia tangawizi na mdalasini (niliomba ruhusa, nilibeba mwenyewe kutoka soko la Marikiti), nakaa kwenye kiti, nasema Bismillahi, nachovya ncha ya kijiko tu, naiwacha asali iyeyuke ulimini pole pole, nakunywa funda la maji moto, nachovya tena. Sio kumeza, ni kuiwacha ikae. Asali ya vijiko viwili inanimaliza robo saa nzima. Alafu naswali magharibi, na nikimaliza swala ile njaa haipo, imeondoka kabisa, mikono imetulia. Supu ikija naila kwa kijiko kidogo, kwa starehe. Kuanzia hapo mfungo ukawa mwepesi mpaka nikawa naona siku zinaenda mbio. Yule mama nae akaomba asali yake iwe asubuhi, akanambia alilala vizuri usiku kucha kwa sababu hakua anaiogopa asubuhi tena. Kwa hivo ukienda popote wanapofungisha watu, chunguza njaa yako inakuja saa ngapi, kile kidogo unachopewa kipeleke saa hiyo.

Jengine, baridi. Ukifunga mwili unapoa, na kule nje ni digrii chache tu. Beba soksi za sufu na sweta mbili. Mchana wanakulaza na kitambaa chenye unyevu juu ya ini na chupa ya mpira yenye maji moto juu yake. Mie niliomba watumie leso yangu (kanga), pamba laini ya kuoshwa mara nyingi, ikashika joto vizuri nikawa nalala usingizi wa mchana ambao nyumbani siujui.

Dada zangu, sauna. Ujerumani sauna wanaingia wanaume na wanawake pamoja na hawavai nguo, kwao ni kawaida na hakuna anaekutazama, lakini kama hutaki uliza saa za wanawake kabla hujalipia. Bwawani niliogelea na vazi langu la kujisitiri sikuulizwa na mtu. Kusingwa niliomba mwanamke, nikapewa.

Na hili la dawa nalisema kwa uzito. Daktari wa kule siku ya kwanza alinisimamishia ile dawa ya kukojoza maji, na ile nyengine akaipunguza presha ilipoanza kushuka, anapima kila siku ndio anaamua. Usifanye haya chumbani kwako na dawa zako za presha au sukari, unaweza kuanguka. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ini au figo mbovu hawafungi.

Kufungua mfungo ni tufaha moja. Wanakuletea kwenye sahani, unakaa, unalitafuna kipande kwa kipande. Mie nimepikia harusi za watu mia nane na sijawahi kusikia ladha kama ile. Jioni supu ya viazi, alafu siku tatu nne chakula kinaongezwa taratibu. Kuna waliokwenda mjini siku ya pili kula keki, wakalala na maumivu. Hizo siku za kurudi kwenye chakula usizikate hata kama tiketi inakusukuma, panga tiketi kuzifuata hizo siku.

Nimerudi na kilo pungufu, sitaji ngapi, nguo zinasema. Daktari wangu wa Mombasa alisoma ripoti, akanipima mara kadhaa, akaniacha na dawa moja, na kila mwezi naenda kupimwa. Jikoni muonjaji sasa ni binti yangu, mie naonja sufuria la mwisho tu kabla ya kupakua. Chumvi yake bado nzito kidogo lakini anajifunza.

Inshallah nataka kwenda tena, safari hii mwezi wa tano, maua yametoka Mainau, kisiwa cha bustani kwenye ziwa hilo hilo, na chama nishaanza kuchanga. Ila mwezi wa tano jua kule linazama karibu saa tatu usiku, kwa hivo asali yangu itabidi niitafutie saa nyengine, nafikiria nijaribu alasiri.